Nyuzi nane, daftari moja

Toleo lililopita ulimi uliniteleza. Nilikuwa namjibu mtu aliyetaka ushauri wa kununua laptopu, nikamalizia kwa kusema kwamba kuongeza viini vya prosesa, yaani zile sehemu zake za ndani zinazofanya hesabu, si lazima kuongeze kasi, nikaweka nukta, nikahamia kwenye mambo ya uhakiki wa vyeti. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimejaa, na nyingi zinatoka hapahapa Tanga na jirani zake.

Kwa wasomaji wapya: mwenye safu hii alisomea uzamili wa kompyuta, upande wa usanifu na uchakataji sambamba, yaani kazi moja kugawiwa prosesa nyingi kwa wakati mmoja. Nilianza mwaka 2005, nikafundisha miaka kadhaa, kisha nikarudi Chumbageni kwa mama. Kwa hiyo mwezi huu hakuna habari zetu za kawaida za mikopo wala uhamisho. Ni mashine tu. Nimechagua barua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kupita kiasi kwa sababu ilinitonesha kidonda.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili, sasa nipo nyumbani Makorora kwa likizo. Tumepewa zoezi la kuandika programu ya nyuzi nyingi. Yangu inapitia vipimo milioni 200 vya joto la bahari, mara kumi, inahesabu vingapi vimezidi nyuzi 28. Nimegawa kazi kwa nyuzi nane, na kila uzi una kihesabio chake kwenye safu ya vihesabio vinane, kwa hiyo hakuna anayegusa cha mwenziwe. Kwa uzi mmoja inachukua sekunde 6. Kwa nyuzi nane inachukua sekunde 9. Jibu linatoka sahihi. Laptopu yangu ina viini vinne vyenye nyuzi mbilimbili. Msimamizi amesema nitafute mwenyewe. Mbovu ni kompyuta au ni mimi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kompyuta nzima, na wewe mzima. Kosa lako nalijua kwa jina na sura, maana liliwahi kunila wiki sita.

Kwanza niwatoe wasiwasi wasomaji wengine, kwa sababu barua hii ina nyuzi za aina mbili. Nyuzi 28 ni za joto. Nyuzi nane ni mafungu ya kazi yanayokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja, kila uzi umeshika sehemu yake. Kiswahili chetu kina utani wake.

Mwaka 2006 nilikuwa na programu ya tasnifu ambayo ilitakiwa ikimbie kwenye seva ya prosesa nane. Kwa prosesa moja ilimaliza kwa dakika 14. Kwa nane, dakika 20 na ushee. Nikabadilisha kompaila, ile programu inayotafsiri ulichoandika kuwa amri za mashine. Nikabadilisha namna ya kugawa kazi. Nikaushuku mfumo endeshi, nikamwandikia fundi wa maabara barua ya lawama ambayo hadi leo naionea haya. Wiki ya sita msimamizi wangu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuuliza lolote kuhusu hesabu. Aliuliza, "Majibu unaandika wapi?"

Na mimi nakuuliza hilohilo. Majibu unaandika wapi?

Unaandika kwenye safu yenye vihesabio vinane vilivyobanana bega kwa bega. Kila kimoja, nadhani, ni cha baiti 8. Nane mara nane, 64. Sasa, prosesa haichukui namba moja kwenye kumbukumbu kama mtu anayenunua kitunguu kimoja gengeni. Inachukua kifungu kizima, tunakiita mstari wa kache, na kwenye laptopu kama yako mstari huo una baiti 64. Maana yake vihesabio vyako vyote vinane vimelala kitanda kimoja, au viwili endapo safu imeanzia katikati ya mstari.

Kila kiini kina kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo jirani nacho, na kila kimoja kinataka nakala ya mstari ule. Kusoma hakuna ugomvi. Wote wanaweza kuwa nao. Kuandika ndiko kwenye sheria: kiini hakiruhusiwi kuandika kwenye mstari mpaka kiwe nao peke yake. Kikitaka kuandika kinapiga mbiu, na nakala zote zilizoko kwa wenzake zinabatilishwa. Ule mfumo mnaofundishwa kwa herufi nne, M, E, S na I, hauna siri kubwa. Mstari uko katika hali moja kati ya nne: nimeubadilisha, uko kwangu peke yangu, tunao wengi, au haufai tena. Wa kwako unaruka kutoka ya kwanza kwenda ya mwisho mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila ukiruka kuna kiini kimekaa kinausubiri.

Marehemu shangazi yangu alikuwa akikaanga samaki. Yeye na wenzake saba walichukua mzigo kwa mchuuzi mmoja pale Deep Sea, kwa mkopo, na mchuuzi alikuwa na kaunta buku moja. Kila mama alikuwa na mstari wake: changu kilo tatu, kibua kilo tano. Hakuna aliyeandika kwenye mstari wa mwenziwe, na mchuuzi hakuwa mwizi. Lakini daftari lilikuwa moja. Shangazi akiandika, saba wamesimama na ndoo zao. Akimpa mwenziwe, mwenziwe anafuta kwanza magamba kwa pindo la kanga, anatafuta ukurasa, anaandika kitu cha sekunde mbili, anampa wa tatu. Wa tatu akimaliza, shangazi anakumbuka kuna pweza hakumwandika, analidai tena. Wamefika saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili wako palepale. Siku mchuuzi alipompa kila mmoja kikaratasi chake, akawa anajumlisha mwenyewe jioni, saa moja walikuwa wameshawasha moto.

Kitaalamu jambo hili linaitwa "false sharing", yaani ushirika wa uongo. Hakuna kinachoshirikiwa ila karatasi.

Dawa ni kikaratasi. Ndani ya kila uzi tangaza kihesabio cha ndani, hesabia humo mpaka mwisho, ndipo uandike jibu kwenye safu, mara moja tu. Ni mistari miwili ya programu. Kuna njia nyingine, ya kuacha nafasi tupu ili kila kihesabio kikae kwenye baiti 64 zake. Inafanya kazi, ila mimi inanikera, ni kama kukodi Coaster nzima ukakaa peke yako. Na jihadhari na kitu kimoja: ukiwasha maboresho ya kompaila, ile alama ya -O2, tatizo laweza kutoweka lenyewe, kwa sababu kompaila itakishika kihesabio kwenye rejista, kile kisanduku kidogo cha namba ndani ya kiini chenyewe, hadi mwisho wa kitanzi, yaani zile amri zinazojirudia. Usishangilie. Siku utakapoandika programu ambayo kompaila haiwezi kuisoma nia yake, litarudi, na utakuwa hulijui.

Ukishatengeneza, usiniandikie barua ya pili kuuliza mbona kasi haikuwa mara nane. Nakujibu kabisa. Viini vyako ni vinne. Nyuzi mbili kwenye kiini kimoja ni mama wawili kwenye jiko moja la mkaa: wanafaidi pale mmoja anapokuwa anasubiri, lakini jiko halijawa mawili. Vilevile viini vyote vinne vinapita njia moja kwenda kwenye ramu, kumbukumbu kuu ya kompyuta, na vipimo milioni 200, hata vikiwa vya baiti 4 kila kimoja, ni megabaiti 800 za kupitisha kwenye njia hiyo, mara kumi. Halafu kuna faili la vipimo vyenyewe. Nadhani unalisoma kutoka kwenye diski kwa uzi mmoja, kabla kazi haijagawanywa.

Hapo ndipo namkumbuka baba. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Muheza, na mashine yake ilikuwa korona, ile inayokwangua majani kutoa singa. Kila meneja alipotaka uzalishaji upande, aliajiri wakataji. Wakataji wakaongezeka, matita ya majani yakarundikana nje ya banda, korona ni ileile moja. Baba alikuwa akisema, "Wanaongeza mapanga, mdomo hawaongezi."

Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl aliiweka hoja ya baba kwa hesabu mwaka 1967. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukipata viini milioni huwezi kuvuka mara kumi. Chukua moja, igawe kwa jumla ya 0.1 na 0.9 iliyogawanywa kwa idadi ya viini. Kwa viini vinane utapata mara 4.7. Kwa viini mia, mara 9.2 hivi. Umeongeza viini 92, umepata nyongeza isiyofika mara tano. Wanafunzi wengi huikariri fomula hii wakaishia kukata tamaa. Mwaka 1988 John Gustafson akaigeuza upande wa pili: mtu akipata mashine kubwa haendelei na kazi ileile ndogo, anachukua kazi kubwa zaidi, na mara nyingi sehemu isiyogawanyika haikui kwa kiasi hicho. Yeye na wenzake wa maabara ya Sandia, Marekani, walitumia mashine ya prosesa 1,024, wakaonyesha ongezeko la kasi la zaidi ya mara elfu moja kwa kazi zilizokuzwa kulingana na mashine. Kwenye ripoti yako wataje wote wawili na useme kazi yako iko upande gani. Msahihishaji akimwona Amdahl peke yake anajua umeishia sura ya kwanza.

SWALI: Mama, heshima yako. Mimi ni fundi simu na kompyuta, niko Ngamiani, Barabara ya 12. Juzi nimeletewa kompyuta ya mezani ya zamani, Pentium 4, gigahezi 3.4. Laptopu mpya ya mke wangu imeandikwa 2.4, na bado inaipita mbali. Hizi namba wanatudanganya?

JIBU: Hawakudanganyi, fundi, ila wanakuachia udanganyike mwenyewe. Gigahezi ni idadi ya mapigo kwa sekunde, kwa mabilioni. Haikwambii pigo moja linafanya kazi kiasi gani. Umewaona vijana wa ngalawa kule Raskazone: mwenye kasia fupi anapiga mara mbili ya mwenziwe na bado anaachwa. Kiini cha leo kinachukua amri kadhaa kwa pigo moja, kinazipanga upya zile ambazo hazitegemeani, na kinabashiri programu itageukia wapi kabla haijageuka.

Lakini chini ya swali lako kuna swali kubwa zaidi, kwa nini hatukufika gigahezi 10? Wewe umeifungua hiyo Pentium 4, umeliona feni lake na lile donge la alumini. Hilo ndilo jibu. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista, ile swichi ndogo ya umeme ndani ya prosesa, ikipunguzwa ukubwa, na volteji ikapunguzwa nayo, joto kwa kila milimita ya eneo linabaki palepale. Miaka thelathini tasnia nzima ilikula kwa mkono huo: ndogo zaidi, haraka zaidi, joto lilelile. Katikati ya miaka ya 2000 volteji ikagoma kushuka, na transista zikawa zinavujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, kama bomba la uani. Mwaka 2004 kampuni ya Intel iliifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 3.8, ikaachana na mpango wa kutoa ya gigahezi 4. Mwaka uliofuata Intel na mshindani wake AMD wakaingiza sokoni prosesa za mezani zenye viini viwili. Hawakufanya hivyo kwa sababu waandika programu waliomba. Sisi tuliokuwa tunaingia darasani mwaka huohuo tulikuta somo la watu wachache wa maabara limekuwa la kila mtu.

Kuna na la pili, na hili waweza kulionyesha pale kibandani kwako kwa rula ya shule. Sentimita 30 ndiyo umbali mwanga unaokwenda kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Grace Hopper, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alikuwa akigawa vipande vya waya vya urefu huo kwenye mihadhara yake, watu wakashika mkononi. Kwa gigahezi 3, pigo moja ni theluthi ya nanosekunde. Mwanga wenyewe unatembea sentimita 10 tu, na umeme kwenye nyaya nyembamba za prosesa uko nyuma ya mwanga. Ukiita data kutoka kwenye ramu, inafika baada ya nanosekunde 80 au 100 hivi. Prosesa imeshapiga mapigo zaidi ya mia mbili, imekaa na mikono mapajani. Nusu ya tunachosoma kwenye usanifu wa kompyuta ni mbinu za kuficha kusubiri huko.

SWALI: Ticha, shikamoo. Nasikia kadi ya michoro ya gemu ina viini elfu kadhaa. Kwa nini basi tusiachane na prosesa tukatumia kadi tu? Niko kidato cha sita, Tanga mjini.

JIBU: Marahaba. Elfu ni kweli, ila neno "kiini" hapo limepewa heshima isiyo yake. Katika kadi za Nvidia, nyuzi zinatembea makundi ya 32 kama gwaride la Mkwakwani, zote zinafuata amri moja. Amri ikisema "mwenye namba hasi geuka kushoto", wenye hasi wanageuka na wengine wanasimama kuwangoja, kisha zamu inahamia kwao. Kwa picha, au kwa jedwali kubwa la namba ambapo kila mtu anafanya kilekile, ni moto. Kwa programu iliyojaa "kama hivi, kama vile", gwaride linavurugika.

Halafu kuna matishari. Muulize babu yako bandari yetu ilivyokuwa. Meli ilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likavutwa hadi gatini, makuli wakapakua, likarudi. Hata ungeweka gatini kreni yenye nguvu za majini, ingekaa inasubiri tishari. Siku hizi kina kimechimbwa hadi mita 13 na meli zinafunga gatini. Kadi yako ya gemu bado iko zama za matishari: data inatoka ramu, inavuka kwenda kwenye kadi, jibu linavuka kurudi. Tishari likileta kazi ya maana, kadi inalipa. Likileta namba mbili za kujumlisha, prosesa imeshamaliza kabla tishari halijafunguliwa kamba.

Kama ni gemu, nunua. Usimwambie mama yako ni ya masomo.

SWALI: Dada yangu, assalaam alaykum. Binti yangu amepata nafasi ya uzamili. Nilimuuliza unasomea nini, akasema usanifu. Nikawatangazia majirani kwamba atachora majumba, mjomba wake akamwahidi kiwanja. Sasa ananiambia ni usanifu wa kompyuta, na hata hiyo kompyuta yenyewe hataijenga. Baba yake anauza machungwa hapa Muheza ili amlipie. Nieleze, anasomea nini, na atakula nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Nimecheka mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Hukukosea sana. Neno lenyewe wameliazima kwa wachora majumba.

Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta za jina la System/360. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kila aina ya kompyuta kuwa na lugha yake ya amri. Ukinunua kubwa zaidi, programu zako zote unaziandika upya. IBM ikasema hapana, tutakuwa na ukoo mmoja, mdogo na mkubwa, na programu ya mmoja itakubalika kwa mwenziwe. Ili hilo liwezekane, watu walikaa wakaandika makubaliano kati ya mashine na mwandika programu: amri ni hizi, maana yake ni hii. Ndani, kila mjenzi ajenge anavyojua. Ni kama ramani inayosema mlango uko hapa na dirisha pale, bila kukwambia ukuta ni wa tofali za saruji au udongo. Makubaliano hayo wakayaita usanifu. Mmoja wa wakuu wa kazi ile ni Gene Amdahl, yuleyule niliyemtaja juu kwa kijana wa Makorora.

Binti yako atasoma makubaliano hayo yanaandikwaje, na kuta zake zinajengwaje ili mashine iwe na kasi bila kula umeme. Huenda akafanyia kazi RISC-V, ambayo ni usanifu wa aina hiyo, iliyoanzia chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 2010. Kuitumia haiombewi leseni wala hailipiwi. Mmoja wa waliokuwa nyuma yake, David Patterson, alipewa pamoja na John Hennessy tuzo ya Turing ya mwaka 2017, ambayo kwenye fani yetu hakuna iliyo juu yake, kwa kazi yao ya miaka ya 1980 ya kuzifanya amri za prosesa kuwa chache na nyepesi. Ataweza kuchora prosesa yake ndogo kwenye kompyuta ya kawaida, akaiendesha humohumo, bila kuchoma hata kipande cha silikoni. Ndiyo maana amekwambia hajengi.

Atakula nini? Sikudanganyi. Akikaa kungoja tangazo lililoandikwa "anatafutwa msanifu wa prosesa, Muheza", atazeeka. Kazi ziko kwingine: benki yenye miamala ya kufunga kila usiku, kampuni za simu, watu wa hali ya hewa, na sasa hawa wa akili mnemba ambao bili yao ya umeme inawakosesha usingizi. Kazi yangu ya kwanza niliipata mahali ambapo ripoti ya mwezi ilichukua usiku mzima kutoka. Walikuwa wameshaandaa fedha za kununua seva mpya. Niliwaomba wiki mbili. Nikapanga upya jinsi data ilivyokaa kwenye kumbukumbu, ripoti ikatoka kwa dakika 40 kwenye mashine ileile. Seva hawakununua, mimi wakanibakiza.

Jambo moja mwambie baba yake mapema. Masomo ya darasani huisha kwa ratiba. Tasnifu ndiyo huburuta, na hela nyingi huishia hapo. Kabla hajauza msimu mzima wa machungwa, aulize chuo ada ya muda wa ziada ni kiasi gani.

Na mjomba kiwanja asikirudishe. Ahadi ni deni.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Pangani. Nafundisha hisabati na kompyuta sekondari. Nataka kuomba uzamili na tasnifu yangu iwe ya uchakataji sambamba, lakini wenzangu ofisini wananicheka, wanasema bila supakompyuta ni ndoto za mchana. Na kalkulasi yangu imeota kutu. Nianzie wapi?

JIBU: Salamu zimefika, mwalimu. Kalkulasi iache na kutu yake. Noa aljebra ya matriksi, uwezekano, na lugha ya programu ya C mpaka viashiria, zile namba zinazotaja data ilipo kwenye kumbukumbu, visikutishe.

Wanaokucheka hawajui supakompyuta nyingi za leo zimetoka ukoo gani. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, kwenye kituo cha Goddard cha NASA, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, prosesa zake ni 486, kwa mtandao wa kawaida wa Ethernet, juu yake wakaweka mfumo endeshi wa Linux. Wakaiita Beowulf. Mwaka huohuo ukatoka MPI, ule utaratibu wa programu kutumiana ujumbe kati ya mashine na mashine. Programu ya MPI utakayoiandika kwa kompyuta mbili za maabara yako ya shule ndiyo hiyohiyo utakayoipeleka kwenye mashine ya maelfu ya nodi, yaani kompyuta mojamoja zilizounganishwa. Utabadilisha namba tu mwanzoni, na baadaye utalia kwa nini haipandi kasi, lakini hiyo ndiyo tasnifu yenyewe.

Mimi nilifunga ya kwangu hapa nyumbani. Kompyuta nne zilizokuwa zikiuzwa na ofisi kama chuma chakavu, swichi ya mtandao ya matundu nane, nyaya nilizozibana mwenyewe. Mwezi wa pili moja ikagoma kuwaka. Tuko karibu na bahari, mwalimu, na Pangani mko karibu zaidi: chumvi inakaa kwenye meno ya kadi ya ramu. Nilizichomoa nikazisugua kwa kifutio cha penseli, kile cheupe, ikawaka. Tangu hapo kifutio kinakaa juu ya swichi. Halafu usiku mmoja jaribio likiwa saa ya tisa, Luku ikaisha. Saa tisa za hesabu zikaenda na giza. Asubuhi yake nikajifunza kuandika hali ya kazi kwenye diski kila nusu saa ili ikikatika iendelee ilipoishia, na baadaye nikakuta wenye mashine kubwa wanafanya vilevile. Supakompyuta Frontier ya maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ya kimataifa ya supakompyuta kuvuka eksaflopi moja, yaani hesabu bilioni ya bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, ina zaidi ya nodi 9,000. Kwa wingi huo daima kuna kitu kinachokufa mahali fulani. Wao hawaishiwi Luku, ila tabia ni ileile.

Ukitaka kuchunguza prosesa ambayo huna, ipo gem5, kiigizi cha prosesa kinachopatikana bure. Ni ya polepole, inachukua saa nyingi kuiga sekunde moja, lakini unaweza kuongeza kache, kupunguza kache, kubadilisha idadi ya viini, bila kununua kitu. Na ukishakuwa na namba zako za nyumbani, ndipo msimamizi wako akuombee muda kwenye mashine kubwa kama Lengau, iliyozinduliwa Cape Town mwaka 2016. Jina lake kwa Kitswana ni duma. Kwenda pale bila namba ni kwenda posa mikono mitupu.

Sasa barua ya maombi. Usiandike "nitachunguza uchakataji sambamba". Kila mtu anaandika hivyo na hakuna anayejua maana yake. Andika kitu ulichokipima. Anza na hiki, usiku wa leo ukiweza: tengeneza jedwali la namba kamili, mistari 4,000 na safu wima 4,000. Jumlisha zote ukitembea mstari kwa mstari, pima muda. Jumlisha tena ukitembea safu wima kwa safu wima. Idadi ya kujumlisha ni ileile, jibu ni lilelile. Muda hautakuwa uleule, na tofauti haitakuwa ndogo, kwa sababu C inalaza jedwali mstari kwa mstari, na ukishuka wima kila hatua unaomba mstari mwingine wa kache ukatumia namba moja na kuuacha. Kisha rudia kwa jedwali la 100 kwa 100, uone tofauti ikinyauka, maana lote linaenea kwenye kache. Rudia kwa nyuzi mbili, kwa nne. Chora.

Laptopu ya shule inatosha. Ila ipime ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Nyingi zikiwa kwenye betri zinapunguza mapigo zenyewe, na utajikuta unaandika ukurasa mzima kueleza tofauti iliyoletwa na chaja.